Mkataba wa Siku 168

Kifua kikuu changu kiligunduliwa na panya. Nikilisema hili mbele ya wageni hudhani natunga, lakini wenyeji wa Morogoro hawashtuki. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, linafuga panya buku pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengine hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wengine makohozi. Yangu yaliwafikia kwa kuzunguka.

Mwanzoni mwa 2021, wakati wa korona, kukohoa mbele za watu kulikuwa sawa na kukiri kosa. Kwenye matangazo ya misiba ulitawala msemo mmoja, "changamoto ya upumuaji", na mtaani kwetu Mwembesongo karibu kila ua ulikuwa na sufuria ya nyungu: mchaichai, majani ya mwarobaini, tangawizi, malimau yaliyokatwa na maganda yake. Nami nilijifunika blanketi nikajifukiza mpaka ngozi ya pua ikababuka. Kikohozi kilibaki palepale. Jioni ikaja homa, usiku jasho la kulowesha shuka, na suruali zangu zikaanza kudai mkanda.

Nilikuwa nafundisha historia kwenye chuo kimoja, kwa vipindi. Abiria wa daladala wanamjua deiwaka: gari si lake, njia si yake, anashika usukani siku ambayo dereva mwenyewe amechoka au anauguliwa. Mimi nilikuwa deiwaka wa historia. Muhula ukikaribia napigiwa simu, nasaini karatasi mbili, nafundisha wiki kumi na tano, nasahihisha rundo la mitihani, kisha nasubiri malipo ambayo huingia muhula mwingine ukiwa umeshaanza, kama yataingia. Shahada yangu ya uzamivu ilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, imekandamizwa na ndoo ya unga.

Sikufukuzwa. Mwezi wa nne, baada ya kukohoa kipindi kizima mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, niliambiwa kwa upole sana, "Mwalimu, pumzika kwanza. Ukipata nafuu tutakupigia." Deiwaka hafukuzwi, simu ndiyo haipigwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 niliisoma nikiwa kitandani, na ina ucheshi wake. Kama ilivyotungwa, mkataba wa muda maalumu iliuruhusu kwa wataalamu na watu wa menejimenti. Yaani kadiri unavyosoma ndivyo mwajiri anavyopata ruhusa ya kukuhesabia miezi. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu. Ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana likizo ya malipo, isipokuwa awe amefanyia kazi mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na miezi yake ikijumlishwa izidi 6. Nilipofika hapo nilikaa vizuri, nikainuka kwenda kutafuta karatasi yangu ili nihesabu. Karatasi haikuniita mwajiriwa mahali popote. Iliniita "mtoa huduma", jina wanaloitwa pia wenye magari ya majitaka na wapishi wa sherehe.

Kwenye kituo cha afya nilichokwenda walinipa kikopo, nikaleta makohozi ya asubuhi, wakayatazama kwa hadubini, wakaona hamna kitu. Nikaandikiwa amoksilini. Ilipoisha nikaandikiwa dawa nyingine, ya bei kubwa zaidi. Siwalaumu sana, hadubini haioni mpaka vijidudu viwe vingi, na jicho la mtu anayetazama slaidi tangu asubuhi nalo huchoka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba vikopo vya pale, hata vilivyosomwa hasi, huchukuliwa vikapelekwa kwa panya.

Mwezi wa sita simu iliita. Niliirukia nikidhani ni chuo. Alikuwa nesi. "Mwalimu, yale makohozi yako yamerudiwa kupimwa. Njoo kesho. Ukipanda daladala kaa dirishani, na ufunge barakoa."

*

Niliporuhusiwa kuchangamana na watu bila kuwatia hofu, nilikwenda kumwona mtaalamu wangu. Sina hakika kama nilimwona yeye hasa, maana wapo wengi na hakuna aliyekuja na jalada langu. Niliyemwona alikuwa mkubwa kama paka mdogo, mashavu yana mifuko, mkia mrefu ulioishia na weupe. Aliingizwa kwenye kisanduku cha kioo chenye matundu mstari mmoja sakafuni, na chini ya kila tundu kuna sampuli. Makohozi huchemshwa kwanza ili vijidudu vife. Panya akapita haraka, anachomeka pua, anaacha, anachomeka, anaacha, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akafika kwenye tundu moja akasimama. Akakwangua kwa kucha. Sekunde moja, mbili, tatu, kidude kikalia "tik", naye akakimbilia kwenye bomba la sindano lililojaa uji wa ndizi. Anaweza kumaliza sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtu wa maabara angeifanya kwa siku kadhaa. Sampuli anayoisimamia hurudiwa tena kwa vipimo vya maabara ndipo mgonjwa atafutwe. Kwa hiyo panya hatii sahihi cheti, anasema tu hapa pana jambo.

Mwezi uleule nilioanza dawa, Juni 2021, kulikuwa na panya mwingine kwenye habari. Magawa, mzaliwa wa hapa Morogoro wa mwaka 2013, alikuwa anastaafu Kambodia baada ya miaka mitano ya kunusa mabomu. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama, panya wa kwanza kuvishwa medali hiyo. Panya hawa hufanya kazi asubuhi kabla jua halijawa kali, na hupakwa mafuta masikioni na mkiani wasiungue. Alipokufa Januari 2022 aliombolezwa hadi na magazeti ya Ulaya.

Niliisoma habari ya kustaafu kwake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, huku bando likikaribia kwisha. Kusema kweli niliona wivu, ingawa si wa medali. Kilichonichoma ni yale mafuta ya masikioni. Kuna mtu alikaa chini akajiuliza: huyu mfanyakazi akikaa juani saa ngapi ataumia, na nani atampaka?

*

Muda si mrefu nami nikawa nahesabiwa. Matibabu ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua wiki 24. Wiki 8 za kwanza unameza dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Wiki 16 zinazobaki unabaki na mbili za mwanzo. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ukizidisha unapata siku 168. Ukiacha katikati unaweza kujitengenezea ugonjwa sugu, wa kupelekwa kule Kibong'oto, Kilimanjaro, hospitali inayohangaika na kifua kikuu tangu 1926. Dawa zenyewe hulipii hata senti. Nesi alinionya kwamba mkojo utageuka rangi ya Fanta na nisishtuke, na bado asubuhi ya kwanza nilishtuka.

Nilipewa kadi. Ilikuwa na majina yangu matatu bila kukosewa, namba, uzito, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na jina la mtu wa kunisimamia nyumbani. Niliitazama kwa muda kabla ya kuikunja. Kwa miaka saba nilikuwa sijapewa karatasi yenye tarehe ya mwisho inayoaminika. Mikataba yangu ya kufundisha ilikuwa na tarehe zilizochapwa vizuri kabisa, lakini muhula uliweza kusogezwa, somo likaunganishwa na la mwenzangu, malipo yakasubiri "fungu". Kadi hii ilinidai kitu kimoja, kumeza. Watu wa kituo ilikuwa inawadai kitu kimoja, dawa ziwepo. Siku niliyochelewa kwenda kuchukua dawa za wiki mbili, nilikuwa bado sijamaliza kuoga simu ikaita: "Mwalimu, hatujakuona. Kuna shida?" Nilikaa kwenye ndoo, sabuni kichwani. Chuo kiliwahi kunipigia kuulizia alama za wanafunzi. Hili la kuulizia mimi lilikuwa geni.

Halafu, kwa ugonjwa wa kitaaluma wa kupenda tarakimu, nikalinganisha. Matibabu siku 168, likizo ya ugonjwa siku 126. Hata mwenye ajira ya kudumu, siku 42 zinabaki nje ya mabano. Si lazima alale siku zote hizo, wengi hurudi kazini mapema, lakini nilifarijika kidogo, kwa ubaya wa roho, kujua kwamba hesabu haifungi hata kwa waliomo ndani.

*

Jina la msimamizi ndilo lililonitesa. Ndugu zangu wako Mbinga. Hapa nilikuwa na mama mwenye nyumba, ambaye nilikuwa namdai huruma tayari, maana yeye alikuwa ananidai kodi ya miezi miwili. Mpangaji anayeishi chumba kimoja kwenye nyumba ya watu kumi na moja, choo kimoja, bomba moja, anamwambiaje mwenye nyumba kwamba ana TB?

Nilimwambia jioni, kwenye benchi la nje, yeye anapepeta mchele, milima ya Uluguru mbele yetu imeshavaa wingu lake hadi mabegani. Nilianza kwa shikamoo ingawa tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Akaitikia marahaba akijua kuna jambo. Nilipomaliza aliendelea kupepeta kidogo.

"Kaka yangu alikufa kwa kifua," akasema. "Aliona haya kusema. Wewe dawa zako nitazishika mimi."

Nikagusia kodi. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, dawa ya deni kulipa, dawa ya kifua ni hiyo. Anza na hiyo."

Kesho yake akamwita fundi. Dirisha la chumba changu lilikuwa limepigiliwa misumari tangu mpangaji aliyetangulia aibiwe redio. Kwa miaka minne nilikuwa nikiishi mle kama ndani ya sanduku na wala sikuwahi kulalamika. Fundi aling'oa misumari tisa. Aliipanga kizingitini kwa adabu, kama ushahidi, na upepo wa kutoka mlimani ukaingia ukafungua kurasa za madaftari yangu zote kwa mara moja. Mama mwenyewe na wajukuu zake wawili wakaenda kupimwa. Hawakukutwa na ugonjwa. Mpangaji mmoja alihama wiki hiyohiyo, akasema amepata chumba karibu na kazini.

Tangu hapo, saa moja kamili asubuhi, mlango unagongwa mara mbili. Mama ameshika kikombe cha uji mkono huu, pakiti ya vidonge mkono huu. Sikupewa ruhusa ya kupokea na kusema nitameza baadaye. Nilimeza mbele yake, mwanaume wa miaka 44 mwenye uzamivu, kisha akasema, "Fungua mdomo nione," nami nikafungua.

Fedha zilikuja kwa matone. Nilisahihisha Kiswahili cha tasnifu za watu, nikauza kabati la vitabu (vitabu vikahamia chini ya kitanda), na wanafunzi wangu wa zamani, sijui walisikia kwa nani, wakawa wananirushia elfu tano, elfu kumi kwenye simu. Mmoja aliandika, "Ya soda, mwalimu." Kwa soda ile nilinunua mayai trei nzima.

Kipindi hicho nilimfikiria sana Aniceti Kitereza. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, na mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa kuhusu maisha ya watu wake. Hakuna mchapishaji aliyetaka kitabu cha Kikerewe. Hakuwa na chuo, alikuwa na baridi yabisi iliyomla viungo, na uzeeni akaketi akakifasiri mwenyewe chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza alikufa 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Watu hupenda kumtaja kama mfano wa subira. Mimi nilipokuwa kitandani sikuona subira, niliona vidole. Mtu ambaye viungo vinamuuma, anaandika upya kitabu ambacho ameshakiandika, na kila ukurasa una gharama yake ambayo hakuna ofisi iliyoiandika popote. Kuna aina ya sifa ambayo hutolewa ili bili isiulizwe.

*

Utafiti wangu wa miaka yote ni matuta ya Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga milima yao kuwa ngazi, ili kuzuia mmomonyoko. Hoja ilionekana safi kwenye ramani. Lakini udongo mzuri wa milima ile ni mwembamba. Ukichonga ngazi unaufukia, unapandisha juu ule wa chini usio na rutuba. Mazao yakadumaa, watu wakachoka kupigwa faini kwa ajili ya kazi iliyowaletea njaa, na Julai 1955 mambo yakalipuka kule Matombo. Mpango ukafa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, kikatoka 1960, nami nimekisoma mpaka kikalegea gundi.

Dawa zilinifungia njia zote za kazi. Maktaba sikwenda, milimani sikupanda, kibali cha utafiti nisingepata bila taasisi ya kunidhamini. Nilikuwa namezeshwa vidonge kila asubuhi na mwanamke wa Matombo, na ilinichukua hadi siku ya thelathini na kitu kumuuliza mwaka 1955 alikuwa wapi. Najionea aibu kuandika hilo. Miaka minne nililipa kodi kwake (nilipolipa), nikipita mbele ya benchi lake na kinasa sauti begani kwenda kutafuta wazee.

"Nilikuwa wa kubebeshwa kibuyu," akasema. "Mama yangu alipeleka maji kwa wachimbaji, akirudi anasonya. Anasema wanafukia chakula, wanachimbua matofali."

Nikaomba arudie. Akarudia, akaeleza kwamba shamba lilikuwa la ukoo wa mama, kama ilivyo ardhi ya Waluguru, kwa hiyo waliokuwa wakiamrishwa kuliharibu si wale waliokuwa na haki ya kulisemea. Mahindi yalitoka ya njano mpaka magotini, kisha yakasimama. Alivyolieleza hilo la ukoo, kwa mkono uliokuwa ukinionyesha mteremko hewani, lilikaa tofauti na lilivyokaa kitabuni. Tulifanya hivyo kila asubuhi, kidonge kwanza, matuta baadaye, dakika ishirini au thelathini, mpaka wajukuu waanze kudai chai. Nilijaza madaftari matatu. Mabwana shamba waliochora ngazi zile walikuwa na mishahara, likizo na pensheni. Mama yake alikuwa na kibuyu na msonyo, na ndiye aliyepatia. Sisemi kwamba asiye na taasisi ndiye mkweli siku zote; nimekutana na watafiti huru waongo wa kutosha, na siku mbaya huwa najihesabu mmojawapo. Ila tangu hapo sikuweza tena kuona ule upweke wangu wa kitaaluma kama upweke mtupu.

Makala niliimaliza mwezi wa tano wa dawa. Kuituma kwenye jarida kulihitaji kujaza fomu ya mtandaoni, na fomu ilikuwa na kisanduku chenye nyota nyekundu: taasisi. Nilikiacha wazi, ikagoma. Nikaandika "mtafiti huru", ikataka anwani ya taasisi. Nilikaa kwenye steshenari, mashine ya kurudufu ikinguruma mgongoni, kijana wa pale akiniuliza kama nimemaliza kwa sababu kuna mtu anataka kuprinti CV. Nikaandika: Mwembesongo, Morogoro. Fomu ikakubali.

Dozi ya 168 niliimeza Jumatano ya mwezi wa kumi na mbili. Kituoni walinipima makohozi mara ya mwisho, wakaandika kwenye kadi kwamba nimepona, nesi akanipa mkono, wakaifungia kadi kwenye jalada. Nilitoka nje na mikono mitupu. Nilitembea hadi stendi ya Msamvu bila sababu, nikatazama mabasi yakijaza abiria, nikarudi. Simu ya chuo ilikuwa haijapigwa. Kodi ilikuwa imefika miezi mitano.

Alhamisi saa moja kamili mlango uligongwa mara mbili. Mama alikuwa amesimama na kikombe cha uji mkono mmoja. Ule mwingine, wa vidonge, umeshuka tu ubavuni, hajui aufanyie nini.

"Nimesahau kwamba umemaliza," akasema.

Nikavuta kigoda, nikaenda kuchukua daftari.